Gavana Aliyeondolewa Mara Mbili: Wambora, Seneti na Mahakama

Martin Nyaga Wambora, aliyewahi kuwa mbunge wa Runyenjes, alichaguliwa gavana wa kwanza wa Embu mwaka 2013, na kabla hajatimiza mwaka mmoja madarakani akawa gavana wa kwanza nchini Kenya ambaye Seneti ilipiga kura ya kumwondoa. Madiwani walimshtaki kwa kukiuka sheria za ununuzi na za fedha za umma, hasa katika ukarabati wa uwanja wa michezo wa Embu na ununuzi wa mbegu za mahindi zilizodaiwa kutoota. Seneti iliafiki Februari 2014. Aprili, Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi huo, kwa kuwa mchakato uliendelea licha ya amri ya kuusimamisha. Madiwani wakaanza upya, Seneti ikaafiki tena Mei; Mahakama Kuu ikaunga mkono Februari 2015, lakini Desemba Mahakama ya Rufaa ikamwokoa.

Wapo wanaosema majaji waliwapora wananchi nguvu waliyopewa na Kifungu cha 181 cha Katiba. Wanaweza kutaja Marekani: mwaka 2009 Seneti ya Illinois ilimwondoa Gavana Rod Blagojevich kwa kura 59 bila hata moja ya kumtetea, na habari ikaishia hapo. Ulinganisho huo hauwafai sana. Katiba ya 2010 haitaji hasira ya madiwani kuwa sababu ya kumwondoa gavana. Inataja ukiukaji mkubwa wa sheria, na ukubwa huo lazima mtu fulani aupime. Katika mlolongo wa kesi hizi mahakama zilidai uhusiano uonekane kati ya gavana mwenyewe na kosa, wala si kosa la afisa wa ununuzi kubandikwa bosi wake. Bila kipimo hicho, kila gavana angekuwa mateka wa theluthi mbili za madiwani, ambao mara nyingi ugomvi wao naye ni wa bajeti tu (na safari).

Pingamizi lenye uzito zaidi ni jingine. Majaji walipokuwa wakipima taratibu, suala la mbegu lilififia. Mkulima wa Kianjokoma, huko Embu, hakuhitaji kujua kama akidi ilitimia. Alistahili kujua nani aliidhinisha malipo. Kusema Wambora alisafishwa na ushindi wake katika uchaguzi wa 2017 hakutoshi, kwa maana kura haichunguzi hati za zabuni. Ushindi huo nao ulibishaniwa hadi Mahakama ya Juu, ukathibitishwa 2019.

Basi kasoro haikuwa mahakama kuingilia, bali kuingilia bila saa. Kesi ya kupinga uchaguzi wa gavana lazima Mahakama Kuu iiamue ndani ya miezi 6. Kesi ya kupinga kuondolewa kwake haikuwekewa ukomo kama huo, na ya Embu ilidumu takriban miezi 19 tangu kura ya pili ya Seneti. Bunge lirekebishe Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 na kuweka muda huo.