Gauni Lililovuka Mipaka

Mei 1960 Marlene Dietrich alirudi kuimba Berlin, jiji alikozaliwa mwaka 1901. Nje ya ukumbi wa Titania-Palast walisimama watu na mabango ya kumtaka aende zake. Ndani, meya Willy Brandt alikuwa miongoni mwa waliokuja kumsikiliza. Wajerumani wengi walimkumbuka kwa filamu ya Der blaue Engel ya mwaka 1930, akiwa mwimbaji wa kilabu aliyeketi juu ya pipa, miguu nje. Wengine walimkumbuka kwa magwanda ya jeshi: aliwakataa Wanazi, akachukua uraia wa Marekani mwaka 1939, kisha akazunguka Afrika Kaskazini na Ulaya akiwatumbuiza askari waliokuwa wakipigana na Ujerumani. Kwa hao alikuwa msaliti.

Aliyepanda jukwaani usiku ule hakuwa yule wa pipa wala yule wa magwanda. Sura yake mpya ilianza kujengwa Desemba 1953 katika hoteli ya Sahara, Las Vegas, akikaribia kutimiza miaka 52. Mbunifu wa mavazi Jean Louis alimshonea gauni la kitambaa chembamba cha rangi ya ngozi, lililotariziwa shanga zinazometameta, hata aliyeketi mbali akadhani mwili u wazi. Baadaye likaja joho jeupe la manyoya ya bata maji, lenye mkia mrefu wa kuburuta. Mtunzi wa muziki Burt Bacharach, aliyekuwa bado hajavuma, akampangia upya muziki. Halafu katikati ya onyesho Dietrich alikuwa akibadili gauni na kuvaa suti nyeusi ya kiume na kofia ndefu, ili aimbe nyimbo ambazo kwa kawaida huimbwa na wanaume. Kwangu mimi, hakuna mwimbaji wa Ujerumani aliyejiumba upya kwa ujasiri kama ule, tena katika umri ambao wengi walikuwa tayari wamestaafishwa na sinema.

Kujiumba upya namna hii hufanyika ziarani kwa sababu. Studioni mwimbaji yuko na watu wake. Ukumbini anakutana na aliyekata tiketi akiwa na sura ya zamani kichwani, na ana usiku mmoja tu wa kumgeuza. Mwaka huohuo wa 1960 Dietrich aliimba kwa Kijerumani nchini Israeli, mbele ya watu ambao lugha hiyo ilikuwa donda kwao, na wakamshangilia.

Mwimbaji Nina Hagen naye aliibadili sura yake kwa kuvuka mpaka. Mwaka 1974, huko Ujerumani Mashariki, alikuwa binti wa wimbo mchangamfu kuhusu filamu ya rangi ya kamera iliyosahaulika. Novemba 1976 baba yake wa kambo, mwimbaji Wolf Biermann, alinyang'anywa uraia akiwa ziarani Magharibi. Nina akaondoka pia, akapita London iliyokuwa ikichemka kwa panki, na albamu ya bendi yake ya mwaka 1978 ikamtoa mwingine kabisa: rangi nzito usoni, macho yaliyotumbuliwa, sauti inayoruka kutoka opera hadi mayowe. Wimbo ule wa ujanani haukufa. Kansela Angela Merkel aliuchagua upigwe na bendi ya jeshi alipoagwa Desemba 2021.

Mwimbaji mwingine aliyegeuzwa na ziara, Helene Fischer, alizaliwa Siberia mwaka 1984 katika familia ya Wajerumani wa Urusi, akaletwa Ujerumani mwaka 1988. Alianza na Schlager, nyimbo nyepesi za mapenzi zinazopendwa na wazee, akiwa binti mtulivu wa runinga. Ziara zake zikamgeuza mwanasarakasi anayeimba akining'inia hewani. Agosti 2022 watu wapatao 130,000 walimtazama Munich wakinyeshewa mvua. Juni 2023, akiwa kwenye ziara aliyoiandaa pamoja na kundi la sarakasi la Cirque du Soleil, bembea ilimjeruhi uso mjini Hannover, na onyesho likakatizwa. Wanaomdharau kwa wepesi wa nyimbo zake hawajazingatia kazi ile ya mwili.

Dietrich hakushindwa na mabango. Ziara zake zilikoma mwaka 1975, alipoanguka jukwaani Sydney na kuvunjika mguu. Alifariki Paris mwaka 1992 akazikwa Berlin. Jiji hilo lilimpa uraia wa heshima mwaka 2002, miaka kumi baada ya kumzika.