Chombo Kisicho na Msumari

Waulize vijana wa kijiweni kwetu chombo cha mbao kinaundwa kwa vitu gani. Watakujibu: mbao na misumari, basi! Mimi nabisha. Shuleni tulikariri kwamba Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498. Hatukuambiwa kwamba msafara wake ulipofika Msumbiji uliandika habari za vyombo vikubwa visivyo na msumari hata mmoja, mbao zake zimeshikwa kwa kamba na matanga yake ni ya mkeka. Na hata wakati huo havikuwa vigeni. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinautaja mji wa Rhapta, ulioitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa.

Chombo chenyewe, ndugu msomaji, ni mtepe, na waundaji wake mashuhuri walikuwa Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Wasafiri wa zamani walisimulia eti baharini kuna sumaku inayong'oa misumari. Porojo tu! Chuma kilikuwa ghali, mnazi ulikuwa uani. Makumbi yalitoa kamba, ukindu na miyaa vikatoa tanga. Tena chombo cha kushonwa hunyumbuka; kikigusa mwamba au kikipandishwa mchangani, hakivunjiki upesi. Ila kilikuwa kinavuja, na kamba zilitaka kubadilishwa kila baada ya muda. Hakuna kizuri kisicho na ila.

Mpango je? Karatasi haikuwepo. Fundi aliubeba mchoro kichwani. Alianza na mkuku, akapanga mbao za ubavuni, akaziunga kwa vigingi vya mti, akatoboa kwa keekee na kushona. Mataruma yalifuata baadaye. Huko Ulaya mafundi wengi walikuwa wakisimamisha mataruma kwanza, halafu ndiyo mbao. Kwa hiyo kwetu umbo la chombo lilitoka kwenye ubao wenyewe, kwa jicho la fundi. Hapo ndipo kuchagua mti kunakuwa kazi nzito: ukikosea ubao, umekosea chombo kizima.

Karne ya 20 mtepe ukatoweka. Msumari ulishuka bei, jahazi likashinda. Mwaka 2003 mafundi waliunda mtepe mwingine Zanzibar, ukawekwa Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Na mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, dau la plastiki iliyookotwa. Wapo waliocheka. Mimi sicheki: babu zao walitumia makumbi yaliyotapakaa uani, wao wametumia kilichotapakaa ufukweni.

Kinachonitia hofu ni ule mchoro wa kichwani. Fundi akifa, unazikwa naye. Sisi tunaojiita waandishi tunakesha tukitafuta visa vya mapenzi, na fundi yupo pale pwani, tezo mkononi, hajaulizwa kitu. Chukua daftari, nenda, msalimie kwa adabu, umuulize ubao huu ameuchagulia nini.