Kabla ya Boomplay Kulikuwa na Kijana wa Kibanda: Vijana wa Shinyanga na Geita Walivyochagua pa Kusikilizia Muziki

Miaka kumi na kitu iliyopita, kijana wa Katoro aliyetaka nyimbo mpya hakufungua programu yoyote. Alichomoa memori kadi kwenye simu, akaifunga kwenye kipande cha nailoni isije ikapotea mfukoni, akaenda stendi. Pale kulikuwa na kibanda chenye kompyuta moja ya mezani, spika mbili zimeelekezwa barabarani, na nyaya za chaja zimening'inia kama mizizi. Kibanda kilifanya kazi tatu: kuchaji simu, kuuza vocha na kuingiza nyimbo. Mteja alisema neno moja tu: "Nijazie."

Alijaziwa nini? Hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Mara nyingi mteja hakuchagua nyimbo moja moja. Memori ya GB 2 inabeba nyimbo kama 500 hivi, na hakuna mtu wa kusimama juani anataja majina 500. Aliyechagua ni kijana wa kibanda. Alimwangalia mtu, akaangalia viatu vyake, akasikiliza lafudhi yake, akajua. Mwenye buti zenye tope la duarani alipata Bongo Fleva kidogo, rumba ya Kongo na Kisukuma kwa wingi. Dada wa saluni alipata mapenzi matupu na muziki wa Injili wa kufungulia Jumapili. Leo watu wanashangaa Spotify inajuaje wanachokipenda. Kule Katoro, Kahama, Masumbwe na Nyarugusu jambo hilo lilikuwepo zamani, tena lilikuwa na jina na lilikupa chenji.

Ila tusiruke. Kwa Wasukuma, habari ya watu kuchagua wamsikilize nani imeanza mbali kuliko kompyuta. Tangu karne ya 19 kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno vilishindana uwanja mmoja, siku moja, kwa wakati mmoja. Huku ningi wa Bagika anaimba, kule ningi wa Bagalu anaimba, watu wako katikati. Ningi, kwa asiyejua Kisukuma, ni mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Mshindi alikuwa yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Watu walipiga kura kwa miguu: wimbo ukichosha, unahama upande. Ndiyo maana ningi alilazimika kuja na utunzi mpya, nyoka, fisi na vituko vya kila aina, na dawa juu, ili watu wasimkimbie. Mashindano hayo bado yanaonekana kila Juni kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, nje kidogo ya jiji la Mwanza.

Sasa redio ilipokuja, ule uwezo wa kuhama upande ukapotea kwa muda mrefu. Mgodi wa almasi wa Mwadui, uliotokana na ugunduzi wa Mkanada John Williamson mwaka 1940, ulileta mshahara Shinyanga, na mshahara ukanunua redio. Lakini redio yenyewe ilikuwa na mkondo mmoja. Kuanzia 1965 hadi miaka ya mwanzo ya 1990, Tanzania Bara ilisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, basi. Bendi kama Tabora Jazz zilirekodi huko, kanda zikabaki huko, na kijana wa Geita alisubiri saa ya kipindi ifike. Akikosa, amekosa. Uchaguzi wake ulikuwa kuwasha au kuzima.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango wa redio binafsi. Radio One ikaanza 1994, na muongo ule haujaisha Kanda ya Ziwa ilikuwa na Radio Free Africa yake kutoka Mwanza. Hapo kijana akapata kauli kidogo: kadi ya salamu. Unaandika majina ya ndugu na marafiki, unataja wimbo, unatuma, unasubiri siku, hata wiki. Kusikia jina lako likisomwa redioni halafu wimbo uufuatie, we acha tu. Lakini bado ni mtu mwingine aliyeshika kitufe.

Kuna jambo moja la enzi ile ambalo limeendelea mpaka leo, na bila hilo hutaelewa simu za Geita. Kanuni za utangazaji Tanzania zinataka redio zitangaze kwa Kiswahili au Kiingereza. Nia inaeleweka, nchi moja lugha moja. Lakini matokeo yake ni kwamba Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote nchini, hawana kituo cha Kisukuma. Kenya wenzetu wana Kameme FM ya Kikuyu tangu 2000, na baada yake vikaja vituo vya karibu kila lugha kubwa. Huku kwetu wimbo wa Kisukuma ukiingia redioni, unaingia kama mgeni, kwenye kipindi cha ngoma za asili, dakika zake chache, kwaheri. Kwa hiyo mwimbaji wa Kisukuma alihitaji redio isiyoomba kibali. Akaipata kwenye kaseti, halafu CD, halafu kile kidude kidogo kuliko kucha.

Kaseti na CD tuzipite haraka. Kaseti zilisambazwa na wafanyabiashara wa Kariakoo, msanii akalipwa mara moja na kusahauliwa, na zilizouzwa minadani Shinyanga nyingi zilikuwa nakala za nakala. CD ziliharakisha wizi tu. Mtu mwenye kompyuta alichoma nyimbo mia na zaidi kwenye sahani moja, akaandika juu kwa kalamu "MCHANGANYIKO", biashara ikaisha.

Memori kadi ndiyo iliyogeuza kila kitu, na sababu ni mazingira. Rashi ya dhahabu ikitokea porini, watu wanahamia huko ndani ya siku chache. Wanakuja wachimbaji, wenye makarasha, mama ntilie, wauza nguo, wahubiri. Mnara wa simu hauhami. Umeme hauhami. Ndani ya duara, makumi ya mita chini ya ardhi, hata mnara ukiwa jirani hausaidii. Mtu anayeshinda huko, au kwenye mwalo anaosha mchanga kutwa, anahitaji muziki uliokwisha kuwa mfukoni. Simu ndogo ya Kichina yenye spika ya kupiga kelele, betri ya kukaa siku mbili na tundu la memori ilikuwa mashine kamili. Isitoshe, wimbo wa MP3 ulirushwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu bila senti tano. Mmoja akirudi mjini Jumamosi, kambi nzima ina nyimbo mpya Jumapili.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu feki nchi nzima. Kwa wenye simu zile za Kichina ilikuwa pigo: haipigi, haipokei. Lakini muziki hauhitaji laini. Simu iliyofungiwa iliendelea kucheza nyimbo kama kawaida, na waliokuwa nazo hawakuwa na sababu ya kuzitupa.

Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2015, Halotel walikuwa wameingia sokoni wakijinadi kwa mtandao wa vijijini. Simu za tachi zikashuka bei. Ndipo zikaja blogu za nyimbo. Si unazikumbuka? Unabonyeza "Pakua", linafunguka tangazo, unarudi, unabonyeza tena, mwisho unapata faili lenye jina la blogu refu kuliko jina la wimbo, na sauti ya mtu anajitangaza kabla ya mdundo kuingia. Kijana wa kibanda alikuwa mteja wao mkubwa: alishusha wimbo mara moja, akauza mara mia. Zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zenye ada zilizofika zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza, ziliwatisha wenye blogu ndogo. Wengi walinyamaza. Nyimbo zao hazikunyamaza, zilikuwa zimeshaingia kwenye memori.

Programu zenyewe zilikuwa zinakuja kwa njia tofauti tofauti. Mdundo ilianzishwa Nairobi 2012, na ujanja wake ulikuwa kumpa mtu MP3 ya bure yenye tangazo mbele. Boomplay ilizaliwa Nigeria 2015 ikiwa ndani ya simu za Tecno, yaani kijana hakuichagua, aliikuta. Wasafi walifungua jukwaa lao 2017 wakiuza nyimbo za Kibongo. Spotify ilifika Tanzania rasmi Februari 2021.

Ukiwauliza vijana wa mjini kwa nini wanatumia hii na si ile, watakwambia ubora wa sauti, orodha za nyimbo, muonekano. Kwenye ukanda wa dhahabu swali la kwanza ni jingine kabisa: huu wimbo nikiushusha, ni wangu? Wimbo ulioshushwa ndani ya Boomplay unakaa ndani ya Boomplay. Huwezi kumrushia mwenzako, huwezi kuuhamishia kwenye flashi ya sabufa. MP3 ya Mdundo au ya blogu inakwenda popote. Kwa mtu anayekaa peke yake chumbani na bando la mwezi, tofauti hiyo haina maana. Kwa mtu anayeishi kambini na wenzake ishirini, ndiyo kila kitu.

Swali la pili ni hesabu. Wimbo mmoja ni kama MB 4. Mtu anayesikiliza saa tatu kwa siku anapitisha nyimbo 45, sawa na MB 180. Kwa mwezi ni zaidi ya GB 5, hapo hajafungua video hata moja wala hajaingia WhatsApp. Anayelipwa kwa mawe, ambaye wiki hii ana hela na wiki tatu zijazo hana hata ya chumvi, hawezi kuahidi malipo ya kila mwezi kwa mtu yeyote. Akipata, anajaza simu mpaka inasema nafasi imekwisha. Wanaomwita mshamba hawajafanya hiyo hesabu.

Na Kisukuma je? Kimekuwa kikubwa YouTube, tena kikubwa kweli. Studio ndogo za Kahama, Shinyanga na Geita zinapiga picha waimbaji mashambani, kwenye mawe, kati ya ng'ombe, na video hizo zinafuatwa na Wasukuma waliohamia na mifugo yao Rukwa, Katavi, Morogoro mpaka Lindi. Ule umati wa Bagika na Bagalu umerudi. Watu wanahama upande kwa kidole badala ya mguu, na waimbaji wanatukanana kwa mafumbo kama zamani.

Hapa ndipo panapouma. YouTube humlipa mwenye chaneli. Mwimbaji ambaye hajui kusoma mkataba, aliyelipiwa gharama za video na mwenye studio, anaweza kutazamwa na watu laki kadhaa na asione shilingi ya matangazo. Memori kadi haikumlipa pia, tuseme ukweli. Kijana wa kibanda aliuza jasho la mtu kwa miaka, na hakuna aliyemshitaki. Lakini memori ilimpa mwimbaji kitu kimoja: mwaliko. Wimbo ukienea kambini, mwenye duara aliyepata dhahabu alimwita aje kuimba, na uwanjani watu walimtunza noti mkononi, mbele ya macho yake. Fedha ya YouTube inapitia akaunti ambayo hajawahi kuiona. Ndiyo maana wapo waimbaji ambao, video ikishapandishwa tu, wanabeba flashi wenyewe kwenda kuwapa vijana wa vibanda bure. Wanaibiwa kwa hiari, kwa sababu wizi ule unawaletea kazi.

Vibanda bado vipo. Vimepungua mjini Geita, lakini ukitoka kuelekea machimboni unavikuta, vimeandikwa kwa mkono "TUNAINGIZA NYIMBO NA MUVI". Wateja wa sasa wengi wana Boomplay au Audiomack kwenye simu zao na wanaitumia wakiwa mjini. Wanaleta flashi. Bodaboda ina redio yenye tundu la flashi, sabufa ya kilabuni hivyo hivyo, karasha lina spika yake. Kijana wa kibanda siku hizi anauliza kwanza unaelekea kambi gani, halafu ndiyo anafungua mafaili. Jumamosi jioni foleni huwa ndefu, maana Jumatatu watu wanarudi porini.