Dimensheni ya fraktali ya mawe mchanga

Dimensheni ya fraktali ya mawe mchanga ni namba inayoonyesha utata wa umbo la vitundu vilivyomo ndani ya mawe hayo. Wanajiolojia na wahandisi huitumia, pamoja na vipimo vingine, kulinganisha miamba inayohifadhi mafuta ya petroli na gesi asilia.

Mafuta hayakai chini ya ardhi kama maji ya ziwa, bali yamo katika vitundu vidogo kati ya chembe za mchanga zilizogandamana. Gesi ya Songo Songo nchini Tanzania, iliyogunduliwa mwaka 1974, imo pia katika mawe mchanga. Mawe mawili yanaweza kuwa na kiasi sawa cha nafasi wazi, lakini moja likapitisha mafuta kwa urahisi na lingine likayazuia, kwa kuwa njia zake ni nyembamba na zimepindapinda. Hivyo kujua kiasi cha nafasi peke yake hakutoshi.

Maana

Mstari una dimensheni 1, bapa 2 na mchemraba 3. Kitu kikifunikwa kwa vijisanduku vya ukubwa mmoja, kisha upande wa kila kijisanduku ukapunguzwa nusu, mstari utahitaji vijisanduku mara 2 ya vile vya awali, bapa mara 4 na mchemraba mara 8. Kitu chenye dimensheni 2.6 kitahitaji takriban mara 6. Kadiri namba inavyokaribia 3, ndivyo umbo linavyokuwa tata zaidi.

Historia

Mwaka 1967 mwanahisabati Benoit Mandelbrot alionyesha kwamba urefu wa pwani ya Britania hutegemea kipimo kinachotumika: kipimo kikiwa kifupi, urefu huongezeka. Mwaka 1975 alianzisha neno "fraktali". Mwaka 1985 A. J. Katz na A. H. Thompson walichunguza mawe mchanga kwa hadubini ya elektroni, wakapata dimensheni kati ya 2.57 na 2.87.

Upimaji

Njia mojawapo ni kusukuma zebaki ndani ya kipande cha jiwe. Zebaki huingia kwanza katika vitundu vikubwa. Ili iingie katika vidogo, shinikizo lazima liongezwe. Kwa jiwe la fraktali, sehemu ya vitundu isiyoingiwa na zebaki (S) hufuata kanuni hii:

S = (P₀ / P)^(3 − D)

P₀ ni shinikizo ambalo zebaki huanza kuingia, P ni shinikizo lililofikiwa, na D ni dimensheni. Shinikizo likifika mara 10 ya P₀, jiwe lenye D = 2.6 hubaki na takriban asilimia 40 ya nafasi ya vitundu bila zebaki, na lile lenye D = 2.9 takriban asilimia 79. Jiwe la pili lina sehemu kubwa zaidi ya nafasi yake katika vitundu vyembamba. Kwa vitendo, D hupatikana kutokana na mteremko wa grafu ya logi ya S dhidi ya logi ya P.

Mipaka

D haionyeshi ukubwa halisi wa vitundu, na njia tofauti za upimaji huweza kutoa majibu tofauti kwa jiwe lilelile. Wakati mwingine hesabu za zebaki hutoa D inayozidi 3, jambo lisilowezekana kwa umbo halisi. Hii ni dalili kwamba kanuni haifai kwa vitundu hivyo. Mwaka 1998 David Avnir na wenzake walionyesha kwamba madai mengi ya fraktali katika maumbile yanategemea vipimo vya masafa mafupi ya ukubwa. Kwa hiyo D husomwa pamoja na vipimo vya nafasi wazi na upenyezaji, wala haichukui nafasi yake.