Bahari Isiyo Chumvi

Mtu wa pwani huitambua bahari kwa chumvi yake na kwa kupwa na kujaa kwake. Yako, hata hivyo, maji makuu baina ya Marekani na Kanada yasiyo na chumvi, ambayo kujaa na kupwa kwake hakufiki sentimita 5, ilhali yana mawimbi, mchanga na upeo usioonyesha ng'ambo. Hayo ni Maziwa Makuu matano. Waanishinaabe, wenyeji wa kale wa nchi hizo, huliita Ziwa Superior Gichigami, yaani maji makuu. Si ajabu basi kwamba samaki wa bahari alipofikishwa humo alifanya maskani.

Samaki huyo ni trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito na pwani za Pasifiki, kutoka California hadi Kamchatka. Wale wazaliwao mtoni, wakashuka baharini kukua, kisha wakarejea mtoni kutaga, wavuvi huwaita stilihedi, maana yake kichwa cha chuma. Mwaka 1876 trauti kutoka California walitiwa katika mto Au Sable wa jimbo la Michigan, umwagikao Ziwa Huron. Katika miongo iliyofuata, wao na wengine walioletwa baada yao walilifanya ziwa kuwa bahari yao: wakanenepa humo, na mito wakaipanda wenyewe kwenda kuzaa.

Ifikapo Oktoba na Novemba, majani yakipukutika na maji ya ufukweni yakipoa, stilihedi hukaribia nchi kavu, hasa penye midomo ya mito kama Betsie, umwagikao Ziwa Michigan. Hapo ndipo mvuvi wa ufukweni humngoja. Hukita mchangani mhimili wa kushikia ufito mrefu, akarusha mshipi wenye chubwi nzito hadi ng'ambo ya mawimbi yavunjikayo. Chambo chake ni mayai ya samaki yaliyofungwa katika kitambaa cha wavu, pamoja na chembe za kuelea ili yasilale chini. Kisha hutazama ncha ya ufito, baridi ikimwuma, mpaka iiname.

Lakini utulivu huo wa ufukweni una historia ya msiba. Mifereji iliyochimbwa ili meli zipite iliwafungulia njia na wageni wengine. Mmoja ni lamprei, samaki mfano wa mkunga, asiye na taya, ambaye hujibandika ubavuni mwa samaki mwingine na kumfyonza damu. Alionekana Ziwa Michigan mwaka 1936 na Superior mwaka 1938. Kufikia miaka ya 1950, trauti wa asili wa Ziwa Michigan alikuwa ametoweka, na wavuvi waliomtegemea wakabaki na nyavu tupu.

Alipokosekana mla wenzake, samaki mdogo wa rangi ya fedha kutoka Atlantiki, wa ukoo wa dagaa-papa, alizaana bila kizuizi. Mwaka 1967 mizoga yake ilirundikana fukweni ikanuka. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwaka mmoja kabla ya uvundo huo, jimbo la Michigan, chini ya uongozi wa Howard Tanner katika idara ya uvuvi, lilikwisha kutia samoni wa Pasifiki ziwani ili wale dagaa hao. Stilihedi naye akafaidi karamu hiyo, na vifaranga vyake vikaongezwa.

Yeye huyo huyo, kwa jinsi, ndiye trauti aliyepelekwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, akaishi katika mito ya baridi ya Mlima Kenya. Huko hakupata bahari: maji ya joto ya mabondeni yalimfungia njia.

Katika Maziwa Makuu bahari aliipata, lakini mlango wake hauna budi kulindwa. Tangu mwaka 1958 dawa ya kuua viluwiluwi vya lamprei hutiwa mitoni. Kazi hiyo ilipopunguzwa mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya janga la korona, lamprei waliongezeka. Ufito uinamao ufukweni wakati wa majani kupukutika huvuta, basi, zaidi ya samaki: huvuta deni ambalo wanadamu walilikopa walipofungua mifereji, na ambalo bado wanalilipa.