Figo zilizolipa deni la moyo

Kila inapofika Desemba 3, redio hutukumbusha kwamba siku kama hiyo mwaka 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikizia mtu moyo wa mtu mwingine kwa mara ya kwanza duniani. Huku Kedowa zamani tulisikia habari hiyo kama hadithi ya mbali. Siku hizi iko karibu. Ukishuka Kericho ukapanda matatu nyingine, ukapita Litein na Kaplong, unafika Tenwek, Bomet. Pale vijana walioharibiwa vali za moyo na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia kwenye koo la mtoto, hupasuliwa kifua na kurudi kwao wakitembea kwa miguu yao. Hospitali iliyoanza na manesi wa misheni miaka ya 1930, ikampata daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, mwaka 1959, leo ina jengo zima la moyo na kifua lililojengwa kwa msaada wa shirika la Samaritan's Purse. Tuna haki ya kujivunia.

Lakini katika fahari hiyo kuna kiungo ambacho hatukitaji.

Nilikifahamu kando ya kitanda cha shangazi yangu. Amebadilishwa vali, moyo unapiga vizuri, sisi tunatabasamu. Nesi akiingia hatazami kifua kwanza. Anainama, anaushika mfuko wa mkojo unaoning'inia chini ya kitanda, anausoma usawa wa jicho, anaandika: mililita 20. Saa iliyofuata, 15. Mkojo wenyewe ulikuwa mweusi kama chai ya mkandaa iliyosahauliwa jikoni. Daktari akatuambia figo zimelala, na kwamba mara nyingi huamka zikipewa muda. Siku ya nne mfuko ukaanza kujaa. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa mkojo kama asubuhi ile.

Figo mbili, kila moja kama ngumi ya mtu, hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Moyo ukichoka, figo huwa na njaa ya damu, na damu iliyorudi nyuma kwenye mishipa huzibana. Wakati wa upasuaji mashine hushika kazi ya moyo na mapafu, nayo huzivunja baadhi ya chembe nyekundu. Mabaki yake ndiyo hutia mkojo weusi. Kwa aliyepandikizwa moyo mzigo ni mkubwa zaidi, maana figo zake zimeteseka miezi au miaka kabla hajafika mezani, na akitoka hapo anaanzishiwa dawa ambazo nazo huziumiza.

Kwamba figo iliyolala inaweza kuamka, tulifundishwa na Mholanzi Willem Kolff. Ilikuwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nchi yake ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Katika mji mdogo wa Kampen alichukua utando wa kufungia soseji, akauzungusha kwenye pipa la mbao, akalitia pipa katika maji ya chumvi na kuipitisha damu ya mgonjwa ndani ya utando huo ili isafishwe. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 akaletewa mwanamke wa miaka 67 aliyekwisha poteza fahamu, figo zimegoma. Baada ya saa 11 kwenye pipa, mama alizinduka, na figo zake zikarudia kazi. Mashine haikumponya, ilimshikia nafasi mpaka figo zikaamka. Dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, kwa figo zilizogoma ghafla inafanya kazi hiyo hiyo hadi leo.

Figo pia ndiyo iliyotangulia kupandikizwa kwa mafanikio: daktari Joseph Murray, Boston, Desemba 1954, kati ya mapacha wa kufanana. Barnard mwenyewe, kabla ya kuugusa moyo wa mtu, alipandikiza figo Oktoba 1967 ili timu yake ijue njia.

Kisha ikaja Desemba 2. Denise Darvall, msichana wa miaka 25, aligongwa na gari pamoja na mama yake, na mama akafa palepale. Madaktari walimwendea baba, Edward Darvall, wakamwomba moyo na figo za bintiye. Inasimuliwa kwamba alifikiri kwa dakika 4, akakubali. Moyo ulikwenda kwa Louis Washkansky, muuza vyakula, na dunia nzima ikaufuata. Figo moja ilikwenda hospitali nyingine mjini humo, kwa mvulana wa miaka 10 ambaye serikali ya makaburu ilikuwa imemwandikisha kuwa chotara.

Hapo ndipo palipowaka moto. Katika nchi iliyotenga wodi, ambulensi na hata viti vya bustani kwa rangi, figo ya binti mzungu ilikuwa ndani ya mtoto ambaye asingeruhusiwa kuketi naye benchi moja. Wakubwa wa Groote Schuur walikuwa wamejihadhari ili moyo wa kwanza utoke kwa mzungu uende kwa mzungu, wasije wakashutumiwa kwamba wanawafanyia Waafrika majaribio. Figo haikuwekewa hadhari hiyo. Ilivuka. Mwezi uliofuata, Januari 2, 1968, moyo wa kijana chotara, Clive Haupt, ukatiwa kifuani mwa daktari wa meno mzungu, Philip Blaiberg, na mabishano yakafika magazetini. Washkansky aliishi siku 18, akauawa na nimonia. Blaiberg aliishi miezi 19. Naamini figo ya yule mvulana ilistahili ukurasa wa kwanza sawa na moyo.

Baada ya hapo wengi walijaribu, wengi wakafa, na hospitali nyingi zikaacha. Kilichofufua kazi hiyo kilitoka kwenye udongo. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sandoz, akiwa likizoni katika nyanda za Hardangervidda, Norwe, alichota udongo kwenye mfuko. Ndani yake mlikuwa na kuvu iliyozaa siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo kigeni. Daktari Roy Calne aliijaribu kwa wagonjwa wa figo Cambridge mwaka 1978 na mapema tu akaona inazidhuru figo zenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba miaka 5 baada ya kupandikizwa moyo, karibu watu 11 katika kila 100 figo zao zilikuwa zimeharibika vibaya. Ndiyo maana sasa baadhi ya madaktari huichelewesha dawa ya aina hiyo siku za mwanzo, figo zipate pumzi.

Kwetu, mashine za dayalisisi zilienea katika kaunti kuanzia 2015 kwa mpango wa serikali kuu. Ni jambo jema. Ila mashine ni ya figo iliyokwisha anguka, na kipimo cha kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, kinachoonya mapema ndicho kinachokosekana. Kwenye kadi ya shangazi, safu ya kreatinini iko wazi tangu Machi. Kliniki anakokwenda wanasema kemikali zimeisha. Alhamisi tutashuka Kericho, tutalipia maabara ya nje.