Nachingwea, Ruangwa na Somo la Mrejesho

Ninapofundisha misingi ya mifumo ya mawasiliano ya kielektroniki, huchora ubaoni mtumaji, njia, mpokeaji na kelele inayoharibu ujumbe. Kisha huuliza: mpokeaji akitaka kujibu, atapitia wapi? Historia ya Nachingwea na Ruangwa imelijibu swali hilo zaidi ya mara moja.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, Nachingwea ikiwa kituo kimojawapo pamoja na Kongwa na Urambo. Mwaka uliotangulia, ujumbe wa John Wakefield ulikuwa umekagua maeneo kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege. London ilituma amri, matrekta na reli. Maarifa ya wenyeji kuhusu udongo na mvua hayakupata njia ya kupanda juu. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36.

Mwaka 1973 taifa lilijaribu mpangilio mwingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ilishirikisha watu wapatao milioni 2 nchini kote kwa njia ya redio. Redio husema, haisikii. Kwa hiyo viliundwa vikundi vya kusikiliza, kila kimoja na kiongozi na kitabu chake. Kipindi kilipokwisha, watu walijadiliana, wakaamua, wakachimba vyoo. Upungufu wa mtambo ulizibwa na mkutano.

Leo wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza korosho kupitia chama kikuu chao cha ushirika, RUNALI. Katika msimu wa 2024/2025 minada iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Zabuni zilizokuwa zikifungiwa sandukuni sasa huonekana kwenye skrini, na wakulima waliokusanyika huikubali bei au kuikataa. Hapo mrejesho upo, nao umo katika ile sauti ya mkutano.

Hofu yangu ni kwamba siku moja mtu ofisini atauona mkutano huo kuwa gharama isiyo ya lazima, kwa kuwa mfumo unajitosheleza. Ndugu watumishi wa umma, hesabu hiyo ilikwisha kupigwa Nachingwea, na mashamba ya karanga yalitoa jibu lake. Mkulima asiyeweza kusema "hapana" amewekewa kipaza sauti tu.